Walikutoa jeshini Marekani kwa sababu ulificha ugonjwa: mwongozo kamili wa kuomba karatasi yako irekebishwe

Kabla hujajaza fomu yoyote, toa DD 214 yako, karatasi uliyopewa ulipotoka jeshini, uiweke mezani. Iwe nakala ndefu, ile ya Member-4, kwa sababu nakala fupi imeondolewa sehemu tunayoihitaji. Shuka mpaka chini. Kisanduku cha 24 kinataja hadhi uliyotoka nayo, cha 25 kanuni iliyotumika kukutoa, cha 26 kina herufi tatu, cha 27 kina namba ya RE inayosema kama unaweza kuandikishwa tena, na cha 28 kinaeleza sababu kwa maneno.

Kwa mtu aliyekutwa na historia ya ugonjwa ambayo hakuitaja siku ya kupimwa, mara nyingi utaona mojawapo ya mambo matatu. JDA ni "Fraudulent Entry", yaani uliingia kwa udanganyifu. JFC ni "Erroneous Entry": uliandikishwa kimakosa na wewe hukudanganya mtu. JFW inasema hukufikia viwango vya afya vya kuandikishwa. Ni mtu yuleyule na kifua kilekile, lakini ya kwanza inakuita mwongo, na mbili za mwisho zinasema tu kwamba hukupaswa kupokelewa.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanaandika "naomba Honorable", yaani hadhi ya heshima, basi. Lakini kama walikutoa ukiwa bado kwenye mafunzo ya awali, kisanduku cha 24 huenda kinasema "Uncharacterized", maana yake hawakukupa alama, nzuri wala mbaya. Kwa waliotoka miaka ya nyuma, hiyo ndiyo hadhi ya kawaida ya aliyetolewa ndani ya siku 180 za mwanzo, na kuigeuza iwe Honorable ni kazi ngumu, kwa kuwa kanuni inaruhusu hilo kwa mwenye utumishi usio wa kawaida tu. Kinachokuumiza ukienda kuomba kazi ni kisanduku cha 28. Ombi lenye akili hulenga hapo kwanza: sababu ibadilishwe kutoka udanganyifu kuwa uandikishaji wa kimakosa, au kuwa "Secretarial Authority", maneno yasiyomwambia mwajiri chochote kibaya. Kama ulitumikia zaidi ya hapo ukatoka na General (hadhi iliyo chini ya Honorable) au Other Than Honorable (isiyo ya heshima), omba vyote viwili, hadhi na sababu.

Na lile la vijiweni kwamba karatasi hujipandisha yenyewe baada ya miezi 6, lisahau. Usipoomba, hakuna kitakachobadilika hata baada ya miaka 40.

Udanganyifu ni nini hasa

Kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zinadai mambo kadhaa yakutane. Uwe ulificha kwa makusudi. Kilichofichwa kiwe kizito, yaani kingejulikana mapema huenda wangekukataa. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, kanuni ya AR 635-200 inamtaka kamanda afanye majaribio mawili kabla ya kumwita mtu mdanganyifu: athibitishe kwamba jambo lililofichwa kweli linamzuia mtu kuandikishwa, kisha athibitishe kwamba jambo hilo lipo na ni la namna gani.

Jaribio hilo la pili lisome mara mbili. Kwetu sisi, ombi linaweza kusimama au kuanguka hapo.

Fikiria neno "kifua". Mtoto akikohoa wiki mbili, ana kifua. Mwenye pumu, ana kifua. Mwenye TB, majirani watasema ana kifua. Mama anakwenda zahanati, mganga anaandika jambo kwenye daftari la shule lililogeuzwa daftari la hospitali, mtoto anapewa pampu ya kuvuta, mvua zinaisha, kifua kinaisha. Miaka 12 baadaye kijana yuko mafunzoni Fort Jackson, South Carolina, amekimbia maili mbili kwenye baridi, anahema. Mhudumu wa afya anamuuliza kwa Kiingereza kama aliwahi kutumia inhela utotoni. Anajibu ndiyo. Kwenye faili inaandikwa kwamba amekiri alikuwa na asthma kabla ya kuandikishwa akaficha. Wiki chache baadaye yuko kwenye ndege.

Je, alificha? Viwango vya afya vya uandikishaji, waraka wa DoDI 6130.03, vinaihesabu pumu kuwa kizuizi ikiwa ilikuwepo baada ya kutimiza miaka 13. Kama pampu ile ilikuwa ya umri wa miaka 9, na hakuna kipimo cha kupuliza kilichowahi kuthibitisha pumu, basi jambo "lililofichwa" huenda halikuwa kizuizi hata kidogo. Degedege nalo ni hivyohivyo. Aliyepata degedege la homa akiwa na miaka 3 hawezi kuwekwa kapu moja na mwenye kifafa, na viwango vyenyewe huangalia kama kifafa kilitokea baada ya kutimiza miaka 6. Kwa hiyo usianze kwa kuomba radhi. Anza kwa kuuliza: nilikuwa na nini, nikiwa na umri gani, nani alithibitisha, kwa kipimo gani?

Kuna na wale waliojua kabisa. Walitumia dawa za msongo wa mawazo wakiwa sekondari, au walifanyiwa upasuaji wa goti, wakajaza "hapana" kwa sababu aliyewaandikisha aliwaambia wakijaza "ndiyo" watasubiri mwaka. Hao nao wana njia, ila ni nyingine, nitaifikia.

Kusanya faili kwanza

Omba faili lako lote la utumishi na la matibabu kutoka kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180 au kupitia mtandao wao. Ni bure kwa mwenyewe. Usiandike maelezo kabla halijafika, hata ukisubiri miezi. Nimeona mtu akieleza kwa uchungu jinsi ambavyo hakuulizwa chochote, kumbe ndani ya faili kuna karatasi yenye saini yake, kila kisanduku kimewekwa alama ya "No".

Faili likifika, tafuta karatasi hizi:

- DD 2807-2 na DD 2807-1, fomu za historia ya afya ulizojaza kabla na wakati wa kupimwa. Soma swali lilivyoulizwa, neno kwa neno. Je, mwandiko ni wako, au mwingine alijaza wewe ukasaini tu?
- DD 2808, matokeo ya daktari wa MEPS, kituo wanakopimwa wanaoandikishwa. Wakati mwingine daktari ameandika pembeni kwamba ulimweleza jambo. Ukilikuta hilo, shika sana, umefichaje ulichokisema?
- Kumbukumbu za zahanati ya kambini: siku ya kwanza ulipolalamika, nani alikuuliza, kama kulikuwa na kipimo au ni maneno matupu.
- Barua ya kukuarifu kwamba unatolewa, na karatasi ya haki zako uliyosaini. Ilikupasa kuelezwa sababu, kupewa nafasi ya kumwona wakili wa jeshi na ya kuandika utetezi. Mwenye utumishi wa miaka 6 au zaidi, au aliyekuwa anapewa Other Than Honorable, alikuwa na haki ya kusikilizwa na baraza. Hatua iliyorukwa ni hoja.

Kama ulitolewa kuanzia 2022, huenda ulinaswa na mfumo wa MHS GENESIS, ambao huvuta kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa ya kiraia. Dai kumbukumbu hizo zenyewe uzione. Dawa iliyoandikwa kwenye mfumo haithibitishi ugonjwa: daktari anaweza kutoa pampu kwa kikohozi cha kawaida, na dawa ileile ya mfadhaiko wengine huandikiwa kwa kipandauso.

Halafu geukia nyumbani. Piga simu Kakamega, Morogoro au Bukavu, popote ulipotibiwa. Daftari la hospitali likipatikana, lipigwe picha kurasa zote, pamoja na jalada lenye jina. Lisipopatikana, mzazi aandike anachokumbuka na kusaini mbele ya wakili wa kule. Chochote cha Kiswahili au Kifaransa kiambatane na tafsiri ya Kiingereza, na mtafsiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Mtafsiri asiwe wewe.

Mwisho, tafuta daktari wa sasa. Kwa mwenye kesi ya kifua, kipimo cha mapafu na barua ya daktari aliyesoma kumbukumbu za zamani, anayesema kama kulikuwa na pumu au hapakuwa, kina uzito kuliko barua kumi za mchungaji. Daktari aandike sababu za maoni yake. "Mgonjwa wangu ni mzima" haisaidii kitu.

Baraza lipi?

Kila tawi la jeshi linahudumiwa na mabaraza mawili. La kwanza ni Discharge Review Board, unaloliendea kwa fomu DD 293. Mlango wake uko wazi miaka 15 tangu siku uliyotoka. Linaweza kubadili hadhi na sababu, lakini haligusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi wala haliwezi kukupa pensheni ya ulemavu. Uzuri wake ni kwamba haliwezi kukushushia hadhi; ukishindwa unabaki ulipokuwa.

La pili ni baraza la kurekebisha kumbukumbu, kwa fomu DD 149. Lina uwezo mpana zaidi, pamoja na namba ya RE na masuala ya ulemavu. Muda wake ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila linaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, na hufanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Aliye ndani ya miaka 15 aanze na DD 293. Aliyepitisha aende moja kwa moja kwenye DD 149.

Kwenye baraza la kwanza unachagua: wasome faili tu, au usikilizwe mwenyewe. Ushauri wangu, anza na faili. Likikataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa mbele ya wajumbe alimradi miaka 15 haijaisha, na sasa unajua kilichowasumbua. Ukianza na kusikilizwa, umetumia risasi zote mbili kwa mara moja.

Maelezo: hapa ndipo kazi ilipo

Baraza linaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Ni juu yako kuonyesha vinginevyo, na unaweza kupita njia mbili. Ya kwanza ni uhalali: walikosea ukweli, kanuni au utaratibu. Ya pili ni uadilifu: hata kama kanuni ilifuatwa, matokeo yamezidi kosa, au sera ya leo ingekutendea vizuri zaidi. Linganisha toleo la viwango vya afya la mwaka wako na la sasa. Vimebadilika mara kadhaa.

Andika kwanza kwa Kiswahili. Ndiyo, fomu itakwenda kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chetu cha fomu huleta maneno makubwa na kuficha mambo madogo, na wajumbe wanataka mambo madogo. Tazama maelezo haya:

"Nilikuwa askari mwenye nidhamu na sikuwa na nia mbaya. Naomba mnisamehe kwani familia yangu inanitegemea."

Hakuna kosa la sarufi, lakini hakuna kitu. Sasa haya:

"Nikiwa na miaka 9 nilikohoa wiki tatu. Zahanati walimwambia mama nina kifua, wakanipa pampu. Niliitumia msimu ule mmoja wa mvua. Fomu ya MEPS iliuliza kuhusu asthma. Mimi neno hilo nililijua kama ugonjwa wa shangazi yangu, aliyekuwa akilazwa kila mwaka kwa oksijeni. Nilijaza 'No'. Mara ya kwanza kupuliza kwenye mashine ilikuwa wiki ya tano ya mafunzo. Matokeo yako kiambatisho C."

Mjumbe akimaliza kusoma hapo anamwona mtoto, pampu na shangazi, na anajua kwa nini jibu lilikuwa "No".

Na aliyejua? Aseme alijua. "Nilitumia dawa ya mfadhaiko miezi 8 nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliyeniandikisha aliniambia nisiitaje. Nilijaza 'No', na mkono ulikuwa wangu." Kisha aende kwenye uadilifu: kazi aliyoifanya jeshini, kama ugonjwa uliwahi kumzuia hata siku moja, miaka iliyopita, maisha yake tangu hapo. Waraka wa Wizara ya Ulinzi uitwao wa Wilkie, wa tarehe 25 Julai 2018, unayaelekeza mabaraza kupima mambo ya namna hiyo yanapofikiria huruma. Utaje kwa jina na tarehe. Kama una ujumbe wa simu wa aliyekuandikisha, au kuna mwenzako aliyeambiwa maneno yaleyale, ambatisha. Hoja ya "aliniambia nisiitaje" bila ushahidi wajumbe wameisikia mno.

Utasikia pia habari za waraka wa Kurta wa 2017, unaohusu PTSD (athari za kiwewe akilini), majeraha ya ubongo, afya ya akili na unyanyasaji wa kingono. Wenye kesi za afya ya akili hukimbilia huko. Ni silaha nzuri kwa askari aliyevunja sheria kwa sababu ya ugonjwa, lakini kwa kesi yetu inabana: waraka unauliza kama hali ilikuwepo wakati wa utumishi na kama inaeleza kosa, ilhali kosa letu lilitendeka kabla hujavaa sare. Utumie ikiwa jeshini hali ilizidi au ulidhurika humo humo. Kuulazimisha ni kuwapa sababu ya kutokuamini na mengine.

Kitu kimoja sina masihara nacho. Usidanganye tena. Unasaini chini ya onyo la adhabu kwa taarifa ya uongo, na kesi yako tayari inahusu uongo. Wala usimwombe shangazi abadili mwaka kwenye daftari la hospitali.

Barua za watu ziwe tatu au nne: sajenti au mwenzako wa kikosi, mwajiri, anayekujua kwa kujitolea. Kila mmoja aeleze tukio alilolishuhudia. Panga viambatisho kwa herufi, na ukurasa wa kwanza wa ombi useme kwa mistari michache unataka kisanduku kipi kibadilike na kiwe nini.

Wasio raia, simameni hapa

Wengi wetu tuliingia na grini kadi, na wengine kupitia MAVNI, mpango uliochukua wenye ujuzi wa lugha, Kiswahili kikiwemo, hadi ulipositishwa 2016. Uraia uliopatikana kwa utumishi unaweza kufutwa ikiwa mtu alitolewa chini ya hadhi isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Na maneno utakayoandika kwenye DD 293 ni maandishi ya serikali. Idara nyingine inaweza kuyasoma. Kwa hiyo kabla ya kukiri jambo lolote, mwonyeshe rasimu wakili wa uhamiaji. Wakili wa maveterani peke yake hatoshi.

VA haisubiri

Usikae bila matibabu ukingoja baraza. Idara ya Maveterani ina uamuzi wake. Kwa kanuni zake, "Uncharacterized" ya mwanzo wa utumishi huhesabiwa kuwa si ya kufedhehesha. Lakini kwa uandikishaji uliobatilishwa kwa sababu ya kuficha kasoro ya mwili au akili, kanuni ya 38 CFR 3.14 inasema kwa kawaida kutolewa huko huhesabiwa kuwa kwa kufedhehesha. Hata hivyo, uliyeumia goti mafunzoni, peleka dai lako leo, uamuzi ni wao. Masomo ya GI Bill, yanayolipiwa na serikali, ndiyo yanayodai Honorable kamili. Hata General haitoshi.

Msaada wa bure upo: mashirika ya maveterani ya American Legion, DAV na VFW yana wawakilishi, NVLSP ina mawakili wa kujitolea, na vyuo vikuu kadhaa vya sheria vina kliniki za maveterani. Kupeleka ombi hakuna ada. Anayekutoza dola kwenye kundi la WhatsApp kwa "kukupandishia karatasi" anajipandishia yeye.

Baada ya kutuma

Hesabu mwaka mmoja, pengine zaidi. Weka nakala ya kila ukurasa na risiti ya kutuma, na ukihama waandikie anwani mpya siku hiyohiyo, maana barua ya kutaka nyaraka za ziada huwa na tarehe ya mwisho.

Ukiitwa kusikilizwa, iwe kwa video au ana kwa ana, watakuuliza swali moja kwa namna tatu: ulijua? Jibu kwa ufupi, kila mara vilevile, kisha nyamaza. Ukihitaji mkalimani sema mapema. Hasa ikiwa hoja yako ni kwamba hukuelewa swali la fomu, usione haya.

Wakikataa, uamuzi wao huja na sababu. Zisome zote. Kutoka baraza la kwanza unakwenda kusikilizwa, kisha kwenye lile la kurekebisha kumbukumbu, na ombi jipya lijibu kila sababu kwa ushahidi uliokosekana. Aliyetoka jeshini kuanzia tarehe 20 Desemba 2019 ana ngazi moja zaidi juu ya hizo, Discharge Appeal Review Board, baada ya kumaliza mabaraza mawili ya chini. Inabaki mahakama ya shirikisho, na huko usiende bila wakili.

Wakikubali, watakutumia DD 214 mpya au karatasi ya marekebisho, DD 215. Kama ni DD 215, omba wakutolee DD 214 mpya iliyosafishwa, kwa sababu marekebisho yaliyobandikwa nyuma ya karatasi ya zamani bado yanamwachia mwajiri maneno yale ya kwanza ayasome.